Picha Juu ya Pakiti

 

Neno letu latoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tangu mstari wa kwanza hata wa tano. Hapo twamwona Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Lakini Mungu alimwita kwa jina lake, akamjaza Roho yake ili apate kubuni na kuchonga.

Mimi nami ni fundi. Kazi yangu ni kuchora mabango, kadi na matangazo, na sina mwajiri. Nilianzia Kitale, katika chumba cha kupanga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kibao cha kinyozi. Ya pili, kadi za mchango wa arusi. Ya tatu, ratiba ya mazishi, niliyoifanya usiku kucha kwa malipo ya chai na nauli. Nilimshukuru Mungu kwa zote, ila kodi ya chumba ilinishinda.

Ndipo akaja mtu mmoja mwenye viatu safi. Akaweka mezani pakiti ya mbegu za mahindi iliyojulikana na wote, akasema, "Kijana, nichoree nyingine kama hii, isipungue kitu." Malipo yake yalizidi ya kazi zangu zote tatu. Alinipa nusu papo hapo, nami sikumwuliza neno. Siku hiyo hiyo nikalipa kodi.

Ninyi wa Trans Nzoia mwajua uzito wa pakiti ya mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 wakulima walipewa mahindi chotara 611, matunda ya utafiti wa huko huko Kitale. Mbegu chotara haitolewi katika mavuno ya mwaka jana, maana ukiipanda tena mazao hupungua. Kila mwaka mkulima hurudi dukani. Hawezi kuipasua mbegu aone yaliyo ndani, huamini pakiti.

Jumamosi ile nilikwenda Bungoma kumwona mama. Ulikuwa mwezi wa tatu, shamba limelimwa, lasubiri mvua. Mama yangu hakusoma. Akanionyesha pakiti aliyoinunua kwa fedha za kuku wake, akasema, "Mwanangu, mimi hutazama picha. Picha ikiwa ile ile, najua sikudanganywa."

Wapendwa, chakula hakikunipita kooni. Nilikuwa nimekwisha kuichora picha ile hata nusu, nayo ilikuwa nzuri. Ustadi alionipa Mungu ndio uliokuwa ukienda kumwibia mama yangu.

Nilirudi Kitale, nikaichana. Fedha nilikuwa nimezitumia, basi nikauza baiskeli, nikamrudishia yule mtu hata shilingi ya mwisho. Alinicheka, akasema atampata mwingine. Sitawaambia kwamba kesho yake milango ya baraka ilifunguka. Nilitembea kwa miguu muda mrefu. Na jambo moja lanihukumu hata leo: sikuwaonya wakulima wala wenye maduka. Niliogopa.

Mithali 11, mstari wa kwanza, yatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Ndugu yangu, pakiti nayo ni mizani. Kibao ni mizani. Muhuri na risiti ni mizani. Yuko mtu usiyemjua atakayeitazama kazi ya mkono wako na kuiamini, kisha apande, angoje mvua, na watoto wake wangoje pamoja naye. Kabla hujapokea malipo leo, uliza kazi hiyo inakwenda kwa nani.

Tuombe. Ee Mungu uliyemwita Bezaleli kwa jina, tuite na sisi. Itakase mikono yetu, utupe na ujasiri wa kusema pale tuliponyamaza. Katika jina la Yesu. Amina.