Baada ya Mazishi: Neno la Katibu wa Kwaya

Leo tunasherehekea miaka 50 ya kwaya hii.

Huimba harusini pia, lakini mkiuliza sare zetu zimechakaa wapi, ni matangani. Tumewaona ndugu wa tumbo moja wakibeba jeneza pamoja, na kabla ya mwaka kuisha tukasikia hawasalimiani. Mara ni shamba, mara ni neno lililosemwa kwenye kikao cha mazishi: nani alilala hospitalini na mama, na nani alituma pesa kwa simu tu. Ndiyo maana leo tunaimba habari za nyumba ya Yakobo.

Mwanzo wake mnaujua tangu shule ya Jumapili. Yusufu, kijana wa miaka 17, anauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Kanzu yake inachovywa katika damu ya mbuzi na kupelekwa kwa baba. Yakobo anaomboleza, na wanawe wanapokuja kumfariji anakataa. Hebu fikirini: wanaomfariji ndio wanaoujua ukweli. Miaka yote hiyo wanakula naye, na siri iko katikati yao.

Wahubiri wengi huishia Mwanzo 45, pale Yusufu anapojitambulisha na kulia hata Wamisri wakasikia. Sisi katika mazoezi tulikaa sana sura ya 50. Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha wanawe wakamzika kwa heshima kubwa katika pango la Makpela, nchi ya Kanaani. Waliporudi, wale ndugu wakaingiwa na hofu: sasa mzee hayupo, Yusufu atalipiza. Wakatuma ujumbe kwamba baba aliagiza wasamehewe. Yusufu aliposikia, alilia.

Miaka 17 walikuwa wamelishwa, wamepewa makao Gosheni, na bado mioyoni mwao hawakuamini kwamba wamesamehewa. Yusufu angeweza kukasirika. Badala yake alisema nao kwa upole, akaahidi kuwatunza wao na watoto wao. Wako majirani zetu wanaongoja kuambiwa hivyo mara ya pili.

Katika Walawi 25, mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo kwaya imekubaliana jambo moja. Hadi sasa kazi yetu imekuwa ikiisha kaburi likishafunikwa: hema zinakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, nasi tunapanda matatu. Kuanzia jubilei hii, mwezi wa tatu baada ya mazishi, tutarudi katika nyumba hiyo jioni moja, bila sare na bila bahasha ya mchango. Tutaimba wimbo mmoja au miwili na kunywa chai, mkitukaribisha. Kesi ya shamba hatutaigusa. Hiyo ina wazee na mahakama. Lakini tumewahi kuona watu waliokataa kukaa kikao kimoja wakishika pamoja kitabu kimoja cha nyimbo.

Familia itakayopenda ituone baada ya ibada, pale mlango wa ofisi. Sauti ya kwanza na ya pili, simameni. Sauti ya tatu na ya nne mtaingia pale ndugu wanapofika mbele ya Yusufu.