Mteja wa Mchele na Simu ya Mkononi

Leo tunazungumza na wafanyabiashara wadogo wa Chekereni, Moshi, hasa mama zetu na vijana wanaouza mchele.

Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliwaletea wakulima wa hapa maji ya kumwagilia mpunga. Lakini mchele mzuri peke yake hauleti mteja mara ya pili. Anachokikumbuka mteja ni namna ulivyompokea.

Kwanza, msalimie kabla ya kutaja bei. Pima mbele ya macho yake, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kama mchele una chenga au umechanganywa, mwambie mapema. Akirudi na lalamiko, msikilize hadi amalize, ndipo ujibu.

Pili, simu. Piga picha ya mchele juani, uitume kwa WhatsApp pamoja na bei ya kilo. Mteja akilipa kwa simu, usitoe mzigo kwa kuona ujumbe tu. Angalia salio lako. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo, kisha hupiga wakidai wamekosea namba na kuomba warudishiwe. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

Mwisho, kila jioni andika mauzo, matumizi na madeni.

Ndugu msikilizaji, anza leo. Mteja akiondoka ameridhika, atawaleta na wenzake.