UZAZI NI BURE, LAKINI NJOO NA PESA!

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya vijana kwenye mkutano wa tawi jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)

Ndugu zangu vijana, masela wa kijiweni, madereva wa bodaboda, wamachinga, deiwaka wa bandarini, na wewe ambaye hukuja leo lakini gazeti hili limekufikia mkononi: leo sikuja kuzungumzia Katiba. Hayo wapo wenye kuyasema vizuri kuliko mimi. Nimekuja kuzungumzia leba.

Naona wengine mnacheka. Chekeni tu. Mnadhani leba ni habari ya kina mama na mashangazi. Basi nikuulize wewe unayecheka: usiku ule sista akitoka mlangoni na kipande cha karatasi, glavu, pamba, dripu, nyuzi, sindano, karatasi ile anampa nani? Shangazi? Anakupa wewe! Na wewe mfukoni una shilingi 4,000 na simu yenye chaji kidogo.

Tuelezane ukweli. Katika nchi yetu mjamzito halipi. Hayo si maneno ya upinzani, ni maneno ya serikali yenyewe. Mwaka 1993, baada ya miaka ya masharti ya wakopeshaji yaliyoanza pale tulipokubaliana na IMF mwaka 1986, hospitali zetu zilizokuwa bure tangu enzi za Mwalimu zikaanza kutoza. Wakaliita jambo hilo kuchangia gharama. Jina tamu, utadhani mchango wa harusi. Lakini hata wakati ule waliogopa kumtoza mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5. Wakawaondoa kwenye malipo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikalirudia jambo hilo: kliniki ya mjamzito, kujifungua na huduma za baada ya kujifungua katika vituo vya serikali ni bila malipo.

Sasa nani kati yenu mkewe amejifungua bila yeye kutoa hata senti tano? Nyosha mkono. Namwona mmoja. Wawili. Mungu awabariki, na sisemi hivyo kwa kejeli, maana mahali ambapo mganga mfawidhi ni mtu makini na dawa zimefika, jambo hilo hutokea. Lakini hawa waliobaki wote?

Sikilizeni jinsi mchezo unavyokwenda. Serikali ilisema mjamzito asilipe, lakini haikutenga mfuko wa kulipa badala yake. Zahanati ikimhudumia mama bure, glavu zinatumika, dawa inatumika, na hakuna anayerudisha gharama ile. Kwa hiyo kadiri kituo kinavyoitii sera ndivyo kabati lake linavyobaki tupu. Mwisho mkunga anasimama mbele ya mama mwenye uchungu akiwa na mikono mitupu, na hapo ndipo unapotumwa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Duka lile lina kila kitu. Ajabu, eh?

Nawaomba msimgombeze yule sista. Mara nyingi hakuibii. Yeye naye hataki kushika damu bila glavu. Mgomvi wako yuko juu zaidi, yuko pale bajeti inapopangwa na watu ambao wake zao hawajawahi kulala wawili kitanda kimoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kule Abuja mwaka 2001 kwamba kila nchi itaweka asilimia 15 ya bajeti yake kwenye afya. Zaidi ya miaka 20 imepita, na sisi bado tunaiona ahadi ile kwa mbali kama taa za meli.

Wapo kweli wanaokula. Anayekwambia "nipe ya chai nimwangalie mkeo" huyo ni mwizi, na dawa yake ni neno moja tu: risiti. Fedha halali ya hospitali ya serikali ina namba ya malipo na ina stakabadhi. Ukiomba risiti akaanza kukunja uso, umemjua. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama.

Bima je? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali: mfanyakazi anakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3. Safi kabisa. Lakini wewe muuza miwa mwajiri wako nani? Jua? Mikoani ikaja CHF, na ile iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ilitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, ila mwenye kadi akakuta dirisha la dawa linamwambia "hakuna, kanunue." Wakati Bunge linajadili bima kwa wote, Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Novemba 2023. Sheria hiyo mimi siipingi. Ninachosema ni kwamba mimba haisubiri kanuni za waziri. Mtoto wa mwezi ujao atazaliwa mwezi ujao.

Na wewe unayewaza kukata bima ya kampuni binafsi baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili, umechelewa. Kampuni hizo si mama yako mzazi. Kwa kawaida huweka muda wa kusubiri kabla ya kulipia uzazi. Uliza neno hilo kwanza, muda wa kusubiri ni miezi mingapi, kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Wataalamu wa uzazi wana hesabu ya machelewesho matatu yanayoua wazazi. La kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hili la tatu ni la serikali na tutalisimamia. La pili ni la barabara na usafiri. Lakini lile la kwanza, ndugu yangu, mara nyingi lina jina lako. Kwa sababu kinachochelewesha uamuzi kule nyumbani si ujinga wa mama mkwe, ni pesa. "Tusubiri kidogo, baba fulani akirudi na hela." Mnalijua neno hilo.

Mtaani kwetu kulikuwa na kijana fundi seremala. Kijana mzuri, hanywi, havuti. Mkewe alianza uchungu asubuhi. Yeye alikuwa anadai pesa ya kabati, mteja amemwahidi saa kumi. Akasema nikichukua ile pesa tutakwenda, tusiende mikono mitupu tukadhalilike. Saa kumi mteja hakuonekana. Saa moja usiku akaja na nusu. Walifika hospitali saa tatu. Mama alipona. Mtoto hapana. Na wale watu waliompokea hawakumdai chochote mlangoni! Pesa aliyoisubiri kutwa nzima hakuna aliyemuuliza usiku ule. Hadi leo ukimtajia kabati anatoka nje.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: uchungu ukianza, au dalili ya hatari ikitokea, damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, uso umevimba, degedege, maji yamepasuka kabla ya wakati, mtoto ameacha kucheza tumboni, mnakwenda. Una pesa, huna pesa, mnakwenda. Dharura haikataliwi kwa kukosa fedha. Kama hakuna gari piga 115, bure, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga, mpango uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Hapo serikali imefanya jambo la maana na mimi sioni aibu kulisema. Tusiwe wanafiki: utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wazazi 104 katika kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. Wanaojifungulia kwenye vituo wamefika asilimia 81 kutoka 63. Lakini hao 104 si namba, ni wake za watu, na damu ndiyo inayowaondoa wengi wao.

Nikisema damu nazungumza nanyi moja kwa moja. Damu ya hospitali haiuzwi. Inatolewa na watu. Ninyi mna miaka kati ya 18 na 65, mna kilo 50 na kuendelea, mna afya. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3. Usisubiri siku mkeo amelala mezani ndipo uanze kuwapigia simu washikaji saa nane usiku, mmoja amelewa, mwingine simu imezimwa. Nenda kachangie mapema, ujue na kundi lako. Tafuta wawili watatu wa kundi la mkeo, waambie mwezi ule wasisafiri.

Sasa pesa. Mimba ni wiki 40, yaani siku 280. Tuseme umejua ikiwa na miezi miwili; umebakiwa na siku kama 220. Ukiweka 1,500 kila siku unafikisha 330,000. Ukiweka 1,000 tu, ni 220,000. Usiniambie huna buku. Kila jioni hapo kwenye kibanda cha mkeka naiona inakwenda, na timu ya Ulaya inakuchania dakika ya tisini. Weka kwenye kibubu, au kwenye upatu ambao kijumbe wake ni mtu mnayemwamini, na muombe zamu yako iangukie mwezi wa nane. Mwezi wa nane, si wa tisa, maana watoto hawasomi kalenda.

Usipofanya hivyo yupo anayekusubiri. Kausha damu. Chukua mfano: anakupa 200,000, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 30. Hesabu mwenyewe, ni 300,000. Laki moja umemlipa mtu kwa sababu hukuwa na buku ya kibubu. Na siku ya kwanza usipopeleka, anakuja kuchukua kitanda, mama akiwa amekilalia na mtoto.

Halafu mfuate kliniki. Nenda naye mara ya kwanza kabla ya miezi mitatu kwisha. Hapo ndipo utajua kama presha iko sawa, kama damu inatosha, kama mtoto amekaa vibaya au ni mapacha. Mwanamume anayejua mwezi wa saba kwamba mkewe huenda akapasuliwa ana muda wa kujipanga. Anayejulishwa saa sita usiku hana. Ukiwa pale pale uliza bila haya: siku ya kujifungua tuje na nini? Watakutajia: mpira wa kutandika, glavu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, khanga safi, beseni. Nunua kimoja kimoja kila wiki, weka kwenye begi, begi likae nyuma ya mlango. Uliza pia upasuaji ukihitajika unafanyika pale au mnapelekwa hospitali ya rufaa, maana bili zinazovunja nyumba nyingi huanzia huko.

Bili ikikushinda, usitoroke usiku ukamwacha mama wodini. Nimeliona hilo na ni aibu. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Eleza hali yako, omba msamaha wa malipo kwa maandishi, chukua barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na ukumbushe kwa adabu sera inasemaje juu ya mjamzito. Majirani zetu wa Kenya walifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013, na Septemba 2015 Mahakama Kuu yao ikasema kuwafungia wanawake wodini Pumwani kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba. Walioshinda kesi ile ni wanawake wa kawaida kabisa waliokataa kunyamaza.

Na ninyi wachache mlioajiriwa, ile sheria ya kazi ya 2004 inampa baba siku 3 za mapumziko yenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Chukueni! Si hisani ya bosi.

Diwani akija mtaani kwenu, iwe wa chama kile au hata wetu, msimpokee kwa ngoma tu. Mwulizeni: mwaka huu halmashauri imetenga shilingi ngapi za vifaa vya kujifungulia kwa zahanati yetu? Zimefika ngapi? Lini mara ya mwisho glavu zilikwisha, na zilikaa siku ngapi bila kuletwa? Atakayejibu maswali hayo matatu bila kutoa leso mumpe kura mkitaka.

Nimemaliza. Yule kijana mwenye kofia nyekundu pale nyuma alinyoosha mkono tangu mwanzo, nadhani anataka kuuliza habari za mtoto njiti. Aanze yeye.