Masomo ya chakula si masomo ya kupika

Bamama, bababa, ndugu zetu tuliorudi Likasi,

Kuna wanaouliza: huyu binti akasome chakula kwa nini, mama yake hakumufundisha kupika? Anaenda kusoma kemia, biolojia na magonjwa. Kwa LMD, iliyoanza 2021-2022, lisansi ni miaka 3.

Tukumbuke 1992 na 1993, ku gare, tukingoja treni ya Kasaï. Batoto walivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Tulisema ni uchawi. Wengine walisema eti wamenona! Ilikuwa kwashiorkor. Bukari peke yake, bila kunde, kalanga wala samaki, haitoshi mutoto. Wangapi tuliwazika bila kujua jina la ugonjwa?

Kila nyumba ilete franka zake za minervali mbele ya mwezi kuisha. Binti anangoja kwenda kujiandikisha Lubumbashi.