Bweni, Mchakamchaka na Mbio

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kinyangiri)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya utafiti wa vyuo vikuu katika mambo ya michezo. Mada hiyo ni pana, na muda niliopewa ni mfupi, tena ni kabla ya chakula. Kwa hiyo nitashika sehemu moja tu, ile iliyojitokeza yenyewe hapa kwetu jana jioni.

Mliokuwepo kikaoni mnakumbuka. Tulipokuwa tukijadili mchango wa bweni la wasichana, ilisemwa kwamba bweni litawalemaza watoto. Kwamba sisi tulikuwa tukitembea maili tano, na wengine maili nane, asubuhi na jioni, na ndiyo maana tulikuwa na miguu. Na kwamba nchi hii haikumtoa Filbert Bayi bwenini. Makofi yakapigwa. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilijua kwamba leo ningepewa nafasi ya kusimama hapa.

Neno lile si la kudharauliwa hata kidogo. Ni dai linaloweza kupimwa, na kwa bahati limekwisha kupimwa na watu kadhaa, wengine wao si mbali na hapa. Basi natulitazame.

Kwanza tukumbushane, maana vijana hawa wengi hawajui. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni huko Edmonton, na mwaka 1982 akashinda mita 10,000 huko Brisbane, mahali ambapo Juma Ikangaa alikuwa wa pili katika marathoni. Moscow mwaka 1980 Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili za Moscow ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Halafu, baada ya ukimya mrefu, mtoto wa mkoa wetu huu wa Singida, Alphonce Simbu, tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa naye alipewa muda huo huo, kwani walitofautiana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42, na tofauti yake haitoshi hata kufumba jicho!

Sasa, watu hawa wametokana na nini? Wengine husema ni damu. Wengine husema ni mwinuko wa nchi. Wengine ugali. Na wazee wenzangu wa jana husema ni njia ya kwenda shule.

Kabla sijafika kwa wakimbiaji, naomba nipitie kwa majirani zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wamo katika wilaya yetu hii ya Mkalama, upande wa Mwangeza, na wengine wako kandokando ya Ziwa Eyasi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake, walikaa nao na kupima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Njia waliyotumia ni ya ajabu kidogo. Mtu hunyweshwa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, yasiyo na madhara, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, lakini oksijeni hutoka pia katika pumzi. Tofauti kati ya hizo mbili huonyesha kiasi cha hewa ya kaboni aliyoitoa mtu, na hapo hujulikana ni kiasi gani cha chakula kimeungua mwilini. Kila mtu alitarajia kwamba Mhadzabe, ambaye mwanamume wake hutembea kilomita kama 11 kwa siku, angekuwa anaunguza chakula kingi kuliko karani wa New York anayekaa kitini kutwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, nayo yalikuwa kinyume: ukizingatia ukubwa wa mwili, hakukuwa na tofauti ya maana. Mwili uliozoea kutembea hubana matumizi mahali pengine. Hata hivyo wenzake Pontzer walipopima mioyo na shinikizo la damu baadaye, waliwakuta Wahadzabe wakiwa na afya njema kabisa.

Nimelileta jambo hili kwa sababu moja. Kila mtu mwenye akili timamu angeapa kwamba jibu analijua, na kipimo kikamkatalia. Basi tusiapie maili zetu nane kabla ya kipimo.

Kwa upande wa wakimbiaji, kazi kubwa imefanyika Kenya. Mwaka 1990 Bengt Saltin, bingwa wa elimu ya mwili kutoka Sweden, alikwenda huko na wenzake, wakawalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Mabingwa wa pande zote mbili walikaribiana katika uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni. Mkenya alizidi katika kubana matumizi: kwa mwendo ule ule, yeye hutumia oksijeni kidogo zaidi, na wembamba wa miguu yake chini ya goti unahusika, kwani mguu mwepesi ni rahisi kuurusha mbele maelfu ya mara. Ama kuhusu damu, wataalamu waliofuata walichunguza zile jeni zilizodhaniwa kuwa za wanariadha, na zile mbili zilizosifiwa kuliko zote hazikuwatenganisha mabingwa wa Kenya na Wakenya wengine. Huo ulikuwa msiba kwa magazeti ya Ulaya, yaliyokuwa yakiisubiri jeni ya mbio kama watu wanaosubiri basi ambalo halikuondoka Dodoma.

Sasa njia ya shule. Mwaka 2006 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha majibu ya wakimbiaji 404 wa timu za taifa la Kenya, pamoja na Wakenya wa kawaida 87. Waliwauliza walizaliwa wapi, wanasema lugha gani, na walikwenda shule kwa njia gani. Kati ya wakimbiaji waliofika kimataifa, wanane katika kila kumi walikuwa wakikimbia kwenda shule. Kati ya watu wa kawaida, walikuwa wawili tu katika kila kumi. Nawaona wazee wa mstari wa mbele wakitabasamu. Subirini.

Danmark nayo ilipeleka watu wake kwa Wanandi, wakiongozwa na Henrik Larsen. Hao walifanya jambo ambalo kuuliza maswali peke yake hakuwezi kulifanya. Walichukua wavulana wa kijijini, waliozoea kutembea na kazi za shamba, na wavulana wa mjini, ambao hawakuzoea hivyo, wote wakiwa Wanandi, wote wakiwa hawajapata kufunzwa mbio. Mwanzoni wale wa kijijini walikuwa na pumzi zaidi, kama mzee yeyote hapa angetabiri. Kisha makundi yote mawili yakafunzwa kukimbia kwa majuma 12. Mwishoni walipopimwa, vijana wa mjini walikuwa wamepata faida sawasawa na vijana wa kijijini. Kumbe njia ndefu haikuwa imepanda kitu cha siri ndani ya miguu ambacho mwingine hawezi kukipata. Ilikuwa ni mazoezi, basi. Mazoezi ya bure, ya kila siku, yasiyohitaji mwalimu wala ruhusa, na yanayoweza kutolewa kwa njia nyingine.

Hapo ndipo ninapoachana na wazee wangu wa jana, kwa heshima zote. Maana maili zile zina upande wa pili ambao mtaalamu wa misuli haupimi. Waliohesabiwa katika utafiti wa Onywera ni wale waliofika. Hakuna aliyekwenda kumtafuta msichana aliyekuwa na mbio kuliko wote darasani akaacha shule kidato cha pili kwa sababu ya njia. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya elimu ya sekondari Tanzania, nayo inaeleza habari tunazozijua: umbali wa shule, wasichana wanaosumbuliwa njiani, waendesha pikipiki wanaotoa lifti na kudai malipo yasiyo ya fedha. Mvulana akitembea maili nane anapata miguu. Msichana akitembea maili zile zile anaweza kupata miguu, na anaweza kupata mimba akiwa na miaka 15. Ninyi mlioketi hapa mna mabinti na wajukuu. Tuseme kweli: ni nani kati yetu leo anayemwacha mjukuu wake atembee peke yake alfajiri kwa ajili ya kutafuta medali?

Na nani anatembea siku hizi? Nimekaa barabarani asubuhi mbili tangu nifike. Wenye nafasi wanapakiwa bodaboda, watatu watatu. Wasio na nafasi ndio wanaotembea, nao wanafika wamechoka na hawajala kitu.

Kuna swali jingine. Ikiwa ni maili tu, mbona baada ya Moscow tulinyamaza? Watoto wa Singida, Manyara na Arusha hawakuacha kutembea mwaka 1980. Hapa tunahitaji mwanahistoria kuliko daktari. Hamad Ndee wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa kirefu jinsi michezo ya kisasa ilivyoingia nchini kupitia shule tangu enzi za ukoloni. Kwa maoni yangu, jibu limo humo. Bayi alikuwa mwanajeshi. Nyambui na Shahanga walipata masomo katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Nyuma yao kulikuwa na mashindano ya shule, ya wilaya, ya mkoa, na majeshi yaliyokuwa yakitafuta wakimbiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa kabisa kwa muda, na baadaye yakarudishwa. Mtoto mwenye mbio miaka ile alikuwa na njia ndefu ya kutembea, lakini hakuwa na mahali pa kufika. Simbu naye, tukumbuke, ni askari wa JWTZ. Alipata mahali pa kushikwa mkono.

Jambo moja limenikera katika kusoma haya yote. Damu imetolewa kwetu, mkojo umetolewa kwetu, maswali yametoka Copenhagen na New York, na majibu yamechapishwa katika majarida ambayo mzazi wa Mwangeza hatayaona. Siwalaumu wageni, wamefanya kazi nzuri. Lakini swali la bweni na mbio ni letu, na hakuna mgeni atakayekuja kutuulizia.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Bweni lijengwe, na mchango wangu nimekwisha kuuweka kwa mweka hazina. Siku lile bweni litakapofunguliwa, mchakamchaka uwemo katika ratiba ya kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi, wasichana na wavulana, na uji uwe tayari wanaporudi. Sisi tuliosoma enzi za mchakamchaka tunajua kwamba hauna gharama ila sauti ya kuimba. Kiwanja kipigwe mistari ya chokaa, mzunguko wa mita 400 uliopimwa kwa futi kamba na si kwa hatua za kiranja.

Tena kiwepo kitabu. Kila mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza iandikwe anatoka kijiji gani, ni umbali gani, anafika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda, na anakimbia mita 1,500 kwa muda gani. Apimwe tena kila muhula. Akiacha shule, jina lake lisifutwe, iandikwe sababu. Mwalimu wa hisabati atawapa kidato cha tatu kazi ya kuchora grafu: wa bwenini na wa kutwa, waliokula asubuhi na wasiokula, wasichana na wavulana. Katika miaka minne shule hii itakuwa na kitu ambacho Chuo Kikuu hakina, na vijana hawa watakuwa wamekiandika wenyewe.

Daftari hilo ninalo hapa, la kurasa 400, pamoja na saa moja ya kupimia mbio. Saa ya pili inahitajika, kwani mpimaji mmoja hupitiwa. Anayeweza kuitoa amwone mwalimu wa michezo pale chini ya mti baada ya chakula. Ninaomba pia wazee watatu waliosema jana wawe wa kwanza kuandikwa, umbali waliotembea na mwaka walioingia shule, ili tuwe na pa kuanzia.