Nani Anapima Nishati Yetu, na Analipwa Nini



Mwenzetu mmoja, mchumi ninayemheshimu, amekuwa akisema kwamba mjadala wa tofauti za mishahara katika kazi za nishati hauna msingi. Chukua watu wawili wenye cheo kimoja, elimu moja na uzoefu mmoja, anasema, kisha linganisha karatasi zao za malipo. Tofauti utaitafuta usiione: mwanamke na mwanamume, mgeni na mwenyeji, wote wamelipwa sawa. Anaongeza kwamba kwetu Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, suala lenyewe halipo, kwa kuwa hatuna wachambuzi wa nishati. Tuna mafundi, wauza makaa na wenye jenereta; wachambuzi wako Kinshasa, Goma au Ulaya.

Nimekuja kuipinga hoja hiyo, na nitaipinga kwa kirefu kwa sababu imejengwa vizuri. Waajiri wanaipenda, na wanafunzi wetu wameanza kuinakili katika kazi zao za kumaliza masomo kana kwamba ilishathibitishwa.

Historia ya umeme wa huku mnaijua, sitairudia: shirika la umeme la taifa, SNEL, tangu 1970, Butembo kuishi miaka na miaka kwa jenereta, wafanyabiashara wetu kuanzisha kampuni ya umeme ya SENOKI, Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliyofungulia mlango kampuni binafsi, na mitambo ya maji ya Matebe yenye megawati 13.8, Luviro kule Lubero yenye megawati 14.6, na ile midogo ya Mutwanga chini ya Rwenzori. Niingie moja kwa moja kwenye swali la nani ni mchambuzi.

Kwangu mimi, mchambuzi wa nishati ni yule anayejua kujibu haya: watu watahitaji umeme kiasi gani, saa ngapi, kwa gharama gani, na mzigo ukizidi, nini kizimwe kwanza. Hospitali yoyote ya mji huu ina mtu anayejibu maswali hayo kila jioni kabla ya jenereta kuwashwa. Kila kinu cha mahindi kinaye. Anaitwa fundi, anaitwa mtunza ghala, mara nyingi anaitwa tu kwa jina lake.

Nitoe mfano ninaoufahamu kwa karibu. Mwaka 2019, Ebola ikiwa imetushika Beni na Butembo, chanjo iliyotumika ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Vilikuwapo vyombo vya kuibebea hadi vijijini, vinavyoshika baridi siku kadhaa bila umeme, lakini ghalani friji zilitegemea jenereta, na jenereta zilitegemea mazutu, yaani dizeli, yanayopanda bei kila njia ilipofungwa. Binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alifanya kazi katika ghala mojawapo. Alikuwa na daftari la shule la mistari, amelichora safu kwa mkono: saa jenereta ilipowaka, lita zilizoingia, joto la chumba, mara ngapi mlango wa friji ulifunguliwa, baridi ya ndani ilisomeka vipi asubuhi. Baada ya muda aliona jambo ambalo waliomzidi mshahara hawakuliona: usiku jenereta kubwa ilikuwa inaendesha friji mbili na taa chache tu. Jenereta ya dizeli ikibebeshwa mzigo mdogo kuliko uwezo wake hula mafuta mengi kwa kila yuniti ya umeme, na masizi huijaa ndani. Akapendekeza usiku iwashwe ndogo. Wakamsikiliza, na mazutu yakapungua.

Safu za daftari lile zilihamishiwa kwenye ripoti iliyotiwa saini na mtaalamu wa nishati aliyeletwa kutoka nje. Binti huyo aliendelea na mkataba wa mwezi mmoja mmoja, cheo chake msaidizi wa ghala. Shirika lililomwajiri silitaji, maana yaliyotokea pale yalitokea kwingi.

Sasa tumlete mchumi wetu ghalani na kipimo chake. Atatafuta msaidizi mwingine wa ghala, mwanamume, alinganishe malipo. Atakuta ni sawa. Atatafuta mtaalamu mwingine wa nishati, alinganishe na yule mgeni. Sawa tena. Ataondoka ameridhika, na hataona kwamba kazi moja imelipwa mara mbili kwa viwango viwili, kwa kuwa imepewa majina mawili. Tofauti inatengenezwa siku mtu anapopewa cheo. Ukishakishika cheo kisisogee ndipo uanze kupima, umekwisha kukiondoa ulichokuja kukitafuta.

Na si kwetu tu. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilitoa mwaka 2019 uchunguzi uliowahoji watu wa nchi zaidi ya 100. Wanawake walikuwa asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu, dhidi ya asilimia 22 katika mafuta na gesi. Wengi hunukuu hapo na kushangilia. Endelea kusoma: katika kazi za ofisi wanawake ni asilimia 45, katika kazi za sayansi na uhandisi ni asilimia 28. Kazi za sayansi na uhandisi ndizo hupanda hadi kwenye uchambuzi na uamuzi. Watu wamepangwa kwa ngazi kabla mshahara wa kwanza haujalipwa.

Baada ya cheo, mchumi wetu anataka elimu moja na uzoefu mmoja. Juu ya elimu sina mengi. Vyuo vipo Butembo, vipo Beni, vinatoa wahandisi na wachumi kila mwaka. Mwenye shaka aje kwenye mahafali. Uzoefu ndio unaonitia hasira.

Kanuni ya Kazi ya 2002 iliwakataza wanawake kufanya kazi usiku katika viwanda. Mtambo wa umeme haulali. Zamu ya usiku ndiyo inayomfundisha mtu mzigo wa mji: saa ambayo nyumba zote zinapika, saa ambayo vinu vinazimwa, dalili za mashine kabla haijagoma. Kanuni ya Familia ya 1987 nayo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Vizuizi hivyo viliondolewa na sheria mbili za tarehe moja, 15 Julai 2016. Kwa hiyo mwajiri anayemwambia mama wa miaka 45 leo kwamba uzoefu wake ni mdogo, anamtoza deni ambalo dola lenyewe lilimwandikia. Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba malipo ya juu huenda kwa anayeweza kuitwa kazini saa yoyote. Ongezeni juu yake barabara ya Beni, ambako mama akiitwa saa nne usiku kwenda kituoni anauza roho yake, mtaelewa kwa nini kwetu uzoefu haugawanywi kwa haki.

Naja sasa kwenye kifungu ninachokipenda kuliko maandishi yote ya sheria zetu, na mniwie radhi nikikaa hapo. Ibara ya 86 ya Kanuni ya Kazi inasema kwamba hali ya kazi, ujuzi na tija zikiwa sawa, mshahara uwe sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili, jinsia wala umri. Asili imetangulia. Waliotunga walijua nchi yao. Lakini rudini nyuma kwenye ibara ya 7, inayoeleza malipo ya kazi ni nini, msome kwa kidole. Inataja mshahara, kamisheni, marupurupu ya ugumu wa maisha, bakshishi za mwaka. Halafu inataja visivyohesabiwa kuwa malipo: matibabu, nyumba au posho ya nyumba, posho ya familia ya kisheria, posho ya usafiri, gharama za safari.

Mmeona? Wachambuzi wawili wanaweza kuwa na mshahara uleule hadi franga ya mwisho, ibara ya 86 ikatimia, huku mmoja akikaa nyumba yenye ukuta na mlinzi, akiendeshwa kwa gari, na mwingine akipanda pikipiki kwa pesa yake na kulipa kodi ya nyumba kwa mshahara huohuo. Kwa macho ya ibara ya 7 hawa wamelipwa sawa. Karatasi za malipo ambazo mchumi wetu anazilinganisha zimeandikwa kwa macho hayo.

Sasa wekeni pembeni yake Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1969. Huo unataka malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi zenye thamani sawa, ingawa zina majina tofauti. Na malipo unayahesabu pamoja na kila kinachotolewa juu ya mshahara, moja kwa moja au kwa njia nyingine, kwa fedha au kwa vitu. Nyumba imo. Gari limo. Na ibara ya 215 ya Katiba ya 2006 inaweka mikataba iliyoridhiwa na kuchapishwa juu ya sheria za nchi. Ninangoja wakili wa mji huu aipeleke hoja hiyo mahakamani.

Nitajibiwa kwamba anayetoka Kinshasa ameacha kwake, lazima apewe pa kulala. Ni kweli, na sheria inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi aliyemtoa mbali. Lakini kijana aliyekimbia Eringeti, ambako mauaji yalianza Oktoba 2014, akafikia Beni na kuajiriwa Beni, amehesabiwa mwenyeji wa Beni. Nyumba yake imechomwa, anapanga chumba kimoja na wadogo zake, na posho ya nyumba hana, kwa sababu hakuna mwajiri aliyemhamisha. Aliyemhamisha ni panga. Kanuni iliyotungwa kumlinda aliye mbali na kwake inampita huyu aliye mbali kuliko wote.

Ninachoshikilia, na nimekishikilia tangu nilipoanza kufundisha, ni hiki: kila mwajiri wa kazi za nishati abandike ukutani bareme yake yote, yaani jedwali la malipo, ngazi kwa ngazi, mshahara pamoja na nyumba, gari na posho, na mbele ya kila cheo aandike kazi zinazofanywa, ili daftari la ghalani lionekane ni kazi ya ngazi gani. Wenye kampuni wameniambia bareme wazi inazaa wivu. Wivu upo tayari, na unalishwa na uvumi. Hoja ya usalama ni nzito zaidi: mtu akijulikana kipato chake anatekwa nyara njiani. Nimeipima sana hiyo, maana nimezika watu. Lakini bareme ina vyeo, haina majina. Watekaji wanatambua gari hata kama hawajasoma jedwali.

Tena siri ina madhara yake, tumeyaona. Tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa vita dhidi ya Ebola ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake wa huku walieleza kwamba waliahidiwa kazi, au walitishiwa kuipoteza. Ahadi ya namna hiyo inawezekana pale ambapo hakuna ajuaye nafasi ni ngapi, vigezo ni vipi, mshahara ni kiasi gani, na orodha yote iko mfukoni mwa mtu mmoja. Anayenieleza kwamba siri ya mishahara ni jambo la ndani la kampuni, kwanza anieleze hilo.

Kwa wanafunzi wa sheria na wa uchumi nina kazi moja. Nendeni kwenye vituo, hospitali na vinu, mkiwa wawili wawili, na msianze na vyeo. Andikeni nani anapima mzigo, nani anakadiria mafuta, nani anaamua kipi kizimwe, kisha ndipo muulize anaitwa nani na anapata nini, nyumba na usafiri vikiwemo. Mchumi wetu nimemwomba alete karatasi zake za malipo pamoja na mikataba ya nyumba na magari inayoandamana nazo. Amekubali, na meza ya maktaba tumekwisha kuiomba.