Makofi na Miguu Darasani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Nimeombwa kusema machache juu ya darasa letu la watoto wadogo, kwa kuwa wazazi wengine wananung'unika kwamba watoto huenda kule kucheza tu, na wawili wamekwisha kuondolewa.

Tafadhalini itazameni kazi yenyewe. Mwalimu afundishapo silabi, watoto husimama wakapiga makofi. M-to-to: makofi matatu. Mbu-zi: mawili tu. M ya kwanza ina kofi lake peke yake. Ya pili imeshikamana na B. Mtoto ambaye mikono yake imelijua jambo hilo hataandika "mutoto", kosa ambalo sisi watu wa bara twalifahamu sana! Hesabu nazo ni vivyo hivyo: mstari wa chaki sakafuni, namba 0 hata 10, mtoto husimama penye 4, huruka mara 3, akajiona yu penye 7.

Wala jambo hili si geni. Huko Roma mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto, nao walipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa katika msasa kabla ya kuandika.

Basi naiomba Halmashauri isinunue madawati ya kujaza chumba kizima. Nusu ya sakafu iachwe wazi, na fedha zitakazobaki zinunue mikeka, maana saruji ile ina baridi kali mwezi wa Julai.